Kocha aliyefufua timu iliyokatiwa tamaa

Kuna kazi ambazo mtu akiziomba, jamaa zake humkalisha kitako na kumuuliza kama akili zake zi timamu. Mwishoni mwa mwaka 1988 kazi ya aina hiyo ilikuwa ikitafutiwa mtu katika mji wa Manhattan, jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Huu si ule Manhattan wa maghorofa ya New York tunaouona katika filamu. Ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano na malisho ya ng'ombe, na fahari yake kubwa ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, kilichoanzishwa mwaka 1863 na kinachosifika kwa masomo ya kilimo. Kazi yenyewe ilikuwa ya kocha mkuu wa timu ya kandanda ya chuo hicho.

Msomaji, usiifikirie kandanda ya Gor Mahia na AFC Leopards. Kandanda ya Kimarekani ni ndugu ya raga: mpira wa umbo la yai, wachezaji 11 kila upande, kofia ngumu kichwani na vikinga mabegani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, na ikishindwa mpira huwaendea wapinzani. Kijana wetu Daniel Adongo aliacha raga akajiunga na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya kulipwa ya NFL. Wengi wetu ndipo tulipoanza kuuliza mchezo huo unachezwaje.

Kwa familia nyingi za Kenya, vyuo vikuu vya Marekani ni mahali pa riadha. Tulikua tukisimuliwa habari za Henry Rono, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81. Lakini huko kwenyewe riadha haijazi viwanja. Kinachojaza viwanja ni kandanda ya vyuo, kila Jumamosi ya msimu wa majani kupukutika. Uwanja wa Manhattan hubeba watu wapatao 50,000, na mji wenyewe una wakazi wanaokaribia idadi hiyo hiyo. Katika majimbo mengi ya nchi hiyo, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mnono kuliko wote ni kocha wa chuo kikuu. Gavana humfuata kwa mbali. Basi anayeikalia kazi hiyo hulala jicho moja likiwa wazi.

Habari za kocha ninayetaka kukusimulia nilizipata kwanza kwa binamu yangu mkubwa, aliyesomea kilimo huko Manhattan miaka ya tisini. Alirudi nyumbani na shahada, sanduku la vitabu na kofia ya rangi ya zambarau ambayo hakuivua hata kwenye shamba la mahindi. Kila alipoanza kusimulia jinsi Bill Snyder alivyoifufua timu yao, sisi watoto tulitazamana tukijua kaka anatia chumvi. Baadaye, nilipoingia katika kazi hii ya uandishi, nilijitafutia mwenyewe magazeti na vitabu vya kumbukumbu za mchezo huo. Kumbe kaka alikuwa amepunguza chumvi.

TIMU YA KUCHEKWA

Hebu tazama hesabu. Kufikia mwisho wa msimu wa 1988, timu hiyo iitwayo Wildcats ilikuwa imeshinda mechi 299 tangu kuundwa kwake na kushindwa mechi 510. Ilikuwa ya kwanza kati ya vyuo vya daraja la juu kufikisha vipigo 500. Ubingwa wa ligi yake ilikuwa imeutwaa mara moja, mwaka 1934. Fainali za mwisho wa msimu, zile wanazoziita boli, ilikuwa imealikwa mara moja tu, mwaka 1982, na huko nako ikapigwa.

Msimu wa 1987 ilicheza mechi 11 bila kushinda hata moja. Msimu wa 1988 ikacheza mechi 11 nyingine, ikashindwa zote. Ukijumlisha na mechi za mwisho za 1986, zilikuwa mechi 27 mfululizo bila ushindi. Jarida la Sports Illustrated likaipachika jina la kejeli mwaka 1989, kana kwamba hicho kilikuwa chuo kikuu cha kufundishia kazi bure. Binamu yangu alipofika huko miaka kadhaa baadaye, wazee wa mji bado walimsimulia jinsi walivyoficha fulana zao za zambarau walipotembelea majimbo jirani.

Mkurugenzi wa michezo, Steve Miller, na rais wa chuo, Jon Wefald, walimwita msaidizi wa kocha kutoka Chuo Kikuu cha Iowa, Bill Snyder. Alikuwa na umri wa miaka 49, umri ambao wengi huanza kuhesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu. Hakuwa na jina kubwa. Alikuwa amelelewa na mama peke yake katika mji wa St. Joseph, jimbo la Missouri, mama aliyekuwa akifanya kazi dukani ili kumsomesha mwanawe. Miaka zaidi ya kumi alikuwa amekaa chini ya kocha Hayden Fry, kwanza North Texas, kisha Iowa, akipanga mashambulizi ambayo sifa zake zilimwendea mkubwa wake.

Siku aliyotambulishwa kwa waandishi, Snyder aliwaambia kwamba hapo palikuwa na nafasi ya kuleta mageuzi makubwa kuliko yote yaliyopata kuonekana katika kandanda ya vyuo. Bila shaka wako waliocheka kimoyomoyo.

MSIMU WA KWANZA

Je, aligeuza mambo mara moja? La hasha. Timu ilipoteza mechi tatu za kwanza, na ule mfululizo wa aibu ukafika mechi 30. Mnamo Septemba 30, 1989, ikicheza na North Texas, chuo ambacho Snyder mwenyewe aliwahi kukifanyia kazi, ikapata alama za ushindi katika mchezo wa mwisho kabisa, 20 kwa 17. Huo ndio uliokuwa ushindi wake wa kwanza tangu Oktoba 1986. Watu walishangilia kama waliotwaa ubingwa wa dunia.

Kisha ikapoteza mechi zote zilizobaki. Msimu wa kwanza wa mjenzi huyu uliisha kwa ushindi mmoja na vipigo 10.

Hapa naomba tutulie kidogo. Msimu wa pili alishinda mechi 5 akapoteza 6. Wa tatu akashinda 7 akapoteza 4. Wa nne, mwaka 1992, wakati kila mtu alitarajia apande, akarudi nyuma: ushindi 5, vipigo 6. Misimu minne, na mitatu kati yake alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Hakuna aliyemfukuza. Msimu wa tano akashinda mechi 9 na kwenda sare moja, kisha timu ikaalikwa boli na kuicharaza Wyoming 52 kwa 17. Tangu mwaka huo wa 1993 hadi 2003 haikukosa boli hata mwaka mmoja.

ALIFANYAJE?

Binamu yangu akiulizwa swali hili hujibu kwa neno moja: kila siku. Snyder aliwaandikia wachezaji wake malengo 16, na hakuna hata moja lililotaja idadi ya mabao wala ya vikombe. Yalihusu kujitolea, kutokuwa na choyo, umoja, nidhamu ya mtu binafsi, kupunguza makosa, kutokata tamaa, na kuwa bora leo kuliko jana. Mchezaji hakuambiwa amshinde bingwa wa ligi. Aliambiwa ajishinde yeye wa juzi.

Maneno mazuri kila mtu anayo, hata ukutani mwa ofisi zetu yamejaa. Tofauti ilikuwa katika utendaji. Snyder alijulikana kwa kukaa ofisini hadi usiku wa manane akitazama picha za mechi, na kwa kula mlo mmoja tu kwa siku, usiku huo huo, ili muda usimpotee. Alikusanya wasaidizi vijana waliokuwa na njaa ya kazi. Mmoja wao, Bob Stoops, alikuja kuwa kocha mkuu wa Oklahoma na kutwaa ubingwa wa taifa msimu wa 2000. Mwingine, Jim Leavitt, alianzisha timu ya Chuo Kikuu cha South Florida kutoka sufuri.

Alijua pia kwamba vijana nyota wa shule za sekondari hawangekubali kujiunga na timu ya kuchekwa. Akaenda kuwatafuta katika vyuo vidogo vya miaka miwili, walikokuwa vijana waliokosa nafasi mara ya kwanza na waliotaka kuthibitisha kwamba walionyimwa. Mwaka huo wa 1989 akabadilisha sare na nembo ya timu, ikapatikana ile sura ya paka mkali ambayo hadi leo imechorwa kwenye milango ya maduka ya Manhattan.

Hakukosa lawama. Wapinzani walimsuta kwa kupanga mechi za kwanza za msimu dhidi ya vyuo dhaifu ili ajipatie ushindi wa chee. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli, nami siwezi kuifuta. Lakini mwalimu yeyote wa hesabu atakuambia kwamba mtoto aliyefeli mitihani mitano humwanzishii kwa swali gumu kuliko yote. Humpa analoliweza, aonje kupata, ndipo ampandishe. Vijana waliokaa miaka miwili bila kushinda walihitaji kujua kwanza ushindi una ladha gani.

Novemba 1998 binamu yangu alikuwa uwanjani timu yake ilipoipiga Nebraska 40 kwa 30. Nebraska ilikuwa imewafunga miaka 29 mfululizo. Anasema mzee aliyekaa karibu naye, mkulima mwenye mikono kama magome ya mti, alilia hadharani bila haya, akamkumbatia yeye mgeni kutoka Afrika ambaye hata hakujua jina lake. Mwezi huo timu iliyokuwa mkia wa taifa ikapanda hadi nafasi ya kwanza katika kura za makocha. Mwezi uliofuata ikapoteza fainali ya ligi kwa Texas A&M, 36 kwa 33, baada ya muda wa ziada mara mbili, na ndoto ya ubingwa wa taifa ikayeyuka. Snyder akarudi kazini. Mwaka 2003 akatwaa ubingwa wa ligi, wa kwanza kwa chuo hicho baada ya miaka 69, kwa kuibomoa Oklahoma iliyokuwa nambari moja nchini, 35 kwa 7. Kocha wa Oklahoma siku hiyo alikuwa yule yule Bob Stoops, mwanafunzi wake.

BEI YAKE NYUMBANI

Gazeti hili la Jumapili husomwa sebuleni, baba, mama na watoto wakiwapo, kwa hiyo si haki nikusimulie ushindi nikanyamaza kuhusu bei yake. Mtu anayekula mlo mmoja usiku wa manane ofisini, watoto wake walikula chakula cha jioni na nani? Snyder mwenyewe amesema zaidi ya mara moja, mbele ya watu, kwamba anajutia muda aliowanyima watoto wake. Mmoja wao, Sean, aliipata njia yake ya kuwa karibu na baba: alihamia timu ya Kansas akawa mpigaji mpira kwa mguu, na mwaka 1992 akachaguliwa katika kikosi bora cha taifa. Fikiria hilo. Mwana anamfuata baba kazini ili wapate kuonana.

Alipostaafu mwishoni mwa 2005, akiwa na ushindi 136, alisema anataka kuwa na familia. Chuo kikaamua kuuita uwanja kwa jina lake. Jina lililoandikwa ni Uwanja wa Kandanda wa Familia ya Bill Snyder, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka neno hilo la familia liwemo. Kila nikilisoma jina hilo naona kama mtu anayelipa deni kwa sarafu pekee aliyobaki nayo.

Wewe uliye kijana mwanafunzi, na unayeota kuwa mkuu katika fani yako, usilipite jambo hili upesi. Kuna ujenzi unaokula wajenzi. Mwenye kujenga nje na ajue nani anabaki nyumbani kushikilia paa.

HESABU MBILI ZINAZOFANANA

Baada ya Snyder aliletwa kocha kijana, Ron Prince. Alipewa misimu mitatu kisha akaondolewa. Siku moja nilikaa na kalamu nikajumlisha misimu mitatu ya kwanza ya kila mmoja wao, na matokeo yakanishangaza. Snyder: ushindi 13, vipigo 20. Prince: ushindi 17, vipigo 20. Yaani kwa hesabu ya jumla, aliyefukuzwa alifanya vyema kuliko aliyejengewa jina uwanjani!

Basi chuo kilikosea? Rudi tena kwenye tarakimu, safari hii uzisome mmoja mmoja kama hatua za mtu anayetembea. Snyder: 1, 5, 7. Prince: 7, 5, 5. Mmoja alikuwa akipanda kutoka shimoni. Mwingine alikuwa akiteremka kutoka mahali alipokabidhiwa. Jumla ilificha kile ambacho hatua zilionyesha. Na hata Prince tumtendee haki: aliipokea timu ambayo katika misimu miwili ya mwisho ya Snyder ilikuwa imeshinda mechi 9 tu, akaanza kwa kushinda 7 katika msimu mmoja. Huenda naye alistahili msimu wa nne, kama ule wa 1992 aliopewa mwenzake. Hatutajua kamwe.

Tunalojua ni kwamba mzee alirudishwa. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 69, alianza ujenzi wa pili katika uwanja uliobeba jina la familia yake. Watu wakasema maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka 2011 alishinda mechi 10. Mwaka 2012 akashinda 11, timu ikapanda tena hadi nafasi ya kwanza nchini kabla ya Baylor kuishusha, na mwishowe ikagawana ubingwa wa ligi na Oklahoma. Amekuwa akieleza kwamba alikwenda Manhattan kwa sababu ya watu wake, akakaa kwa sababu ya watu wake, na akarudi kwa sababu yao. Katika miaka hiyo ya uzee alizoea kuwaandikia barua kwa mkono wachezaji wa timu pinzani, hasa walioumia, kwa wino wa zambarau. Mwaka 2015 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa kandanda ya vyuo. Mwaka 2017 alitibiwa saratani ya koo na bado akasimama pembeni mwa uwanja msimu huo. Alistaafu kabisa Desemba 2018, akiwa na miaka 79, ushindi 215, vipigo 117 na sare moja.

Hata alipoondoka nyumba haikuanguka. Mwaka 2022 timu hiyo, chini ya kocha Chris Klieman, ilitwaa tena ubingwa wa ligi.

SISI NA JANUARI YETU

Utaniuliza, haya ya Kansas yanatuhusu nini sisi wa Umoja, Kisauni na Nakuru? Yanatuhusu kila Januari matokeo ya KCSE yanapotangazwa. Miaka nenda miaka rudi tumeona wazazi wakivamia shule na matawi mikononi, wakifunga ofisi ya mwalimu mkuu kwa kufuli, wakimtaka afungashe virago kwa sababu alama ya wastani imeshuka.

Mwaka juzi nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya wasichana anakosoma mdogo wangu wa mwisho, ambaye karo yake ni juu yangu. Alama ya wastani ilikuwa imeshuka kidogo. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa shuleni hapo mwaka mmoja na miezi kadhaa, naye alikuwa wa tatu katika miaka mitano.

"Mwenyekiti," akasema baba mmoja aliyevaa koti, "huyu mama tumempa nafasi ya kutosha. Aende."

Makofi yakapigwa. Mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa, kofia mapajani, akainua mkono.

"Nauliza tu, Mwenyekiti. Hao wasichana waliofanya mtihani, mwalimu huyu aliwapokea wakiwa kidato cha ngapi?"

Hakujibiwa. Nami nikaomba nafasi, nikasema kwamba mwalimu huyo aachwe mpaka wasichana aliowapokea yeye mwenyewe kidato cha kwanza wafike cha nne, ndipo tumpime kwa kazi yake. Nikaongeza kwamba tangu aje, wasichana waliokuwa wakitoroka usiku wamepungua, na maabara iliyofungwa kwa miaka imefunguliwa. Wachache walinipigia makofi. Wengi walitazama saa. Muhula ulipokwisha mwalimu akahamishwa. Aliyekuja baada yake jambo la kwanza alilobadilisha ni rangi ya sweta, na wazazi tukapewa orodha ya duka la kuzinunua.

Nembo mpya si vibaya, Snyder naye aliibadilisha. Lakini yeye baada ya nembo alikaa miaka 17.

Usinielewe visivyo, msomaji. Sisemi kila anayeshindwa avumiliwe, maana wapo wanaolala kazini na kuita usingizi wao subira. Wala sisemi lazima kila jengo lichukue miaka mitano. Siku hizi katika kandanda ya vyuo vya Marekani wachezaji huruhusiwa kuhama kwa urahisi na kulipwa, na kocha anaweza kununua nusu ya timu mpya kwa msimu mmoja. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Indiana kilishinda mechi 3. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mpya Curt Cignetti aliyekuja na kundi la wachezaji aliowajua, kikashinda 11. Wapo watakaosema enzi ya akina Snyder imekwisha.

Kwa timu, huenda. Lakini shule haiwezi kununua watoto wa kidato cha nne kutoka mtaa wa pili, na nyumba haiwezi kusajili wana wapya wale wa zamani wakiteleza. Sisi tunajenga kwa hawa hawa tulio nao. Ndiyo maana hesabu ya Kansas inatufaa zaidi kuliko inavyowafaa Wamarekani wenyewe.

Ukimkuta mtoto wako na alama 28 za hesabu, kabla ya kufoka mwulize muhula uliopita alipata ngapi. Kama alipata 19, mbele yako kuna mtu anayepanda. Kama alipata 41, kaeni chini mzungumze, kuna ufa unaotaka kuzibwa kabla ya kujenga ukuta. Alama ni ile ile 28, lakini hawa ni watoto wawili tofauti, na kila mmoja anahitaji mzazi wa namna yake.

Na Januari ijayo, matokeo yatakapobandikwa na mtu akasimama mkutanoni kutaka mwalimu aende, mwombeni mwenyekiti asome alama za miaka mitano, mwaka baada ya mwaka, kwa sauti, kabla ya mtu yeyote kupiga makofi. Haitachukua hata dakika moja. Jon Wefald alizisoma tarakimu zake hivyo mwishoni mwa 1992, akaona 1, 5, 7, 5, akamwacha mtu wake aendelee na kazi.